Calendly kwa timu ya seli (mauzo) ya viwanja: mgao wa wateja kwa zamu, inafanya kazi ila kuna mambo ya kujua kwanza

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama una timu ya seli kuanzia watu watano hivi na wateja wenu wanapanga muda wa kuongea na nyie kwa simu au kwa video, hii Calendly, programu ya kupanga vikao mtandaoni, inalipa, nawapa nyota nne kati ya tano. Kama wateja wenu wote wanaingia WhatsApp na wanataka jibu hapo hapo, haitawasaidia sana, hela yenu pelekeni kwingine. Wenye muda ngoja niwaeleze vizuri, maana hili suala la kugawana wateja nimeona likiwafanya watu wanuniane ofisini miezi na linaniuma kwa kweli.

Nasimamia timu ya seli ya viwanja hapa Dar, tunauza Kigamboni, Kibaha na upande wa Mapinga kule Bagamoyo, tupo watu sita na wote tunaishi kwa kamisheni, mshahara wa msingi ni nauli na vocha tu. Kwa hiyo mteja akiingia, nani anampata ni ada ya shule ya mtoto wa mtu, ni kodi ya nyumba ya mtu. Na kwenye hii biashara mgao wa sehemu nyingi uko hivi, tangazo linarushwa Facebook na Instagram, namba zinaingia, bosi anazitupa kwenye grupu la WhatsApp, anayewahi kuandika "nimemchukua" ndio wake. Ni kama kugombea daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, mwenye kiwiko ndio anakaa. Kampuni niliyokuwepo zamani kulikuwa na dada mmoja ambaye akikaa na mteja ana kwa ana hakuna aliyemfikia, ila ana mtoto mchanga, simu hawezi kuishika kila dakika, basi yeye ni namba za mwisho mwisho tu, zile za watu wanaouliza bei halafu wanapotea. Na zile namba nzuri za watu walioko Ulaya na Uarabuni hata kwenye grupu hazifiki, zinapitia inbox kwa mtu mmoja anayejulikana. Yule dada aliacha kazi. Kampuni ikapoteza muuzaji wake bora na hakuna aliyekaa kujiuliza kwa nini.

Halafu hasara nyingine ni mteja kuchelewa kujibiwa huku nyie mnavutana. Kuna utafiti jarida la Harvard Business Review waliutoa 2011, waliangalia kampuni 2,241 za Marekani zinavyojibu watu walioulizia kupitia mtandao, wakakuta asilimia 23 ya kampuni hazikujibu kabisa, na kwenye uchunguzi mwingine ndani ya ripoti hiyo hiyo waliompigia mteja ndani ya saa moja walikuwa na nafasi karibu mara 7 ya kupata mazungumzo ya maana kuliko waliochelewa saa moja tu zaidi. Ni Marekani na ni zamani, sawa, lakini mtu yeyote anayeuza kiwanja anajua, mteja akiuliza saa nne asubuhi ukampigia jioni unakuta ameshaenda saiti na dalali mwingine.

Sasa Calendly. Ilianzishwa 2013 na Tope Awotona, Mnigeria mzaliwa wa Lagos aliyehamia Marekani, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa seli kabla, nadhani ndio maana imekaa kiuzaji. Kazi yake ni rahisi, unaunganisha kalenda yako ya Google au ya Outlook, inaona muda gani uko bize na muda gani uko huru, mteja anapewa linki, anachagua saa, kikao kinaingia kwenye kalenda za pande zote mbili. Mtu mmoja mmoja anaweza kuitumia bure ila ile ya timu kugawiana kwa zamu iko kwenye pakeji ya Teams, hiyo ni ya kulipia.

Kwenye hii ya zamu linki inakuwa moja kwa timu nzima. Mteja haoni majina sita achague nani mzuri, anaona saa tu, akichagua programu ndio inaamua anaenda kwa nani. Hapo peke yake ugomvi wetu ulipungua sana, kwa sababu hakuna tena wa kumlaumu kwamba umempendelea fulani. Ila kuna swichi moja ambayo watu wengi wanaipita bila kuisoma na ndio roho ya kila kitu, unachagua kati ya mipangilio miwili. Wa kwanza unatanguliza nafasi, yaani mteja anaonyeshwa saa zote ambazo yeyote kwenye timu yuko huru, na kama wawili wako huru saa hiyo hiyo anapewa mwenye kipaumbele kikubwa (unaweza kuwapanga kwa nyota), wakilingana anapewa aliyekaa muda mrefu bila kupata. Wa pili unatanguliza usawa wa idadi, hapo programu inahesabu vikao vya kila mtu, na mtu akishawazidi wenzake sana saa zake zinafichwa kwa muda mpaka wengine wamfikie.

Timu nzima ukiwauliza watakwambia weka huo wa pili, na sisi tuliweka. Haki bin haki. Sasa sikiliza kilichotokea. Mama mmoja yuko Muscat, mteja wa maana, anataka viwanja viwili vya jirani Mapinga, akanipigia mwenyewe kwa WhatsApp.

"Mwanangu, hii linki yenu mbona Ijumaa hakuna nafasi hata moja?"

"Shikamoo mama. Ijumaa tupo mama, mpaka jioni."

"Marahaba. Basi mimi sioni kitu, na siku nyingine niko kazini."

Nikaingia kucheki. Ijumaa Oman ni mapumziko, wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo watu wetu wa kule ndio siku wanayopumua. Kwenye timu yetu waliofungua kalenda Ijumaa mchana baada ya sala walikuwa wawili tu, na wote wawili wiki ile walikuwa mbele kwa idadi. Saa zao zimefichwa, waliobaki nyuma Ijumaa hawajafungua, mama anaona ukurasa mweupe. Programu ilifanya kile kile mpangilio unachosema, usawa wa wauzaji ulilindwa, na aliyelipia huo usawa ni mteja. Hiki ndicho kitu nataka kila meneja akijue kabla hajabonyeza, ukiwalinganisha wauzaji kwa idadi unapunguza saa anazoziona mteja, hakuna namna ya kupata vyote viwili kwa asilimia mia.

Tulichofanya tukatengeneza linki mbili. Ya wateja wa hapa hapa nchini imebaki kwenye usawa, kwa sababu wateja wa Dar wana siku nyingi za kuchagua, Jumanne ikikosekana Jumatano ipo. Ya diaspora, yaani wenzetu walioko nje ya nchi, tumeweka kwenye nafasi, na tukakubaliana kikao kizima kwamba kila mtu lazima afungue Ijumaa mchana na angalau jioni mbili, ili mlango uwe wazi kwa wote, asije mmoja akawa ndio mfalme wa diaspora kwa sababu tu yeye ndiye anayekaa ofisini usiku. Tofauti za saa programu inazimaliza yenyewe, inasoma mteja yuko wapi, hili ni zuri mno, Oman wako mbele yetu saa moja, London iko nyuma saa tatu kipindi cha baridi na mbili kipindi cha joto, Toronto baridi ni saa nane nyuma, yaani sisi saa kumi na mbili jioni wao ndio saa nne asubuhi. Zamani tulikuwa tunahesabu kwa vidole na tunakosea. Kitu kimoja ongezeni wenyewe kwenye maelezo ya kikao, andikeni saa kwa Kiswahili kabisa, mfano saa tisa alasiri, maana wazee wakiona 3:00 kuna wanaosubiri saa tatu.

Kuna jambo la pili ambalo idadi hailioni. Vikao kumi sio sawa na vikao kumi. Mtu anayetaka mita za mraba 400 Kibaha kwa awamu za mwaka mzima na mtu anayetaka ekari Kigamboni kwa mkupuo wote kwa programu ni kikao kimoja kimoja. Hapa ile fomu ya maswali kabla ya kuchagua saa inasaidia, unamuuliza mteja eneo, bajeti, atalipa vipi, na kutokana na majibu unampeleka kwenye zamu tofauti. Sisi tuna zamu ya awamu na zamu ya mkupuo, na kila muuzaji yuko kwenye zote mbili, hilo ndio la msingi, maana nimeona ofisi fulani wanawaweka "wazoefu" kwenye zamu ya hela kubwa na wapya kwenye makombo halafu wanaita mfumo wa haki.

Swali lingine tuliloongeza kwenye fomu ni uraia, na naomba kampuni zote za viwanja waliweke. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ilivyotungwa, asiye raia hakuruhusiwa kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kwa kuwa nchi yetu haina uraia pacha kwa watu wazima, ndugu zetu waliochukua pasipoti za Uingereza au Marekani walikuwa wanaingia kwenye hilo kundi. Mteja wa hivyo hafai kuangukia kwa kijana aliyeanza kazi juzi akamuahidi hati, anaenda moja kwa moja kwa mwenzetu anayeshughulika na wanasheria, na kikao hicho hatukihesabu kwenye zamu yake. Kuuza sawa, kumuingiza mtu kwenye matatizo ya ardhi hapana.

Nidhamu ya kalenda sasa. Calendly inajua kile kalenda inachokijua, basi. Muuzaji yuko saiti Kibaha na wateja wanne kwenye Noah na kalenda yake ni tupu, atabukiwa kikao cha video saa hiyo hiyo na kule mtandao unashika unaachia. Na kuna upande wa pili, mjanja anayejaza kalenda yake asubuhi zote vitu vya uongo ili asipate zile simu za Jumatatu za watu wa kuuliza uliza. Dawa yetu, saiti zote zinaingizwa kalenda ya pamoja Ijumaa na mratibu, na kalenda za kazi zinaonekana na wote. Wekeni pia muda wa katikati ya vikao, mnaweza kuseti kabla na baada, kwa foleni za Kimara na za kivukoni dakika kumi na tano hazitoshi kwa vikao vya ana kwa ana. Na wekeni kikomo cha vikao kwa siku na muda wa chini wa taarifa, asije mteja akabuku kikao kinachoanza baada ya dakika tano.

Mteja wa zamani msimpe linki ya zamu kabisa, zamu ya kawaida haijui kwamba huyu tayari ni wa Fulani tangu mwaka jana, itampa mtu mwingine na hapo ndio vita inaanza. Kila muuzaji ana linki yake binafsi ya watu wake, na tumeandika kanuni, mteja ni wako siku tisini tangu mlipoongea mara ya mwisho, zikipita bila mawasiliano anarudi kwenye zamu.

Sasa zile namba za Facebook ambazo mteja hajabuku kikao, ameacha jina na simu tu, hizo Calendly sio kazi yake. Hizo sisi tunazigawa kwa Zoho CRM (CRM ni programu ya kutunza na kufuatilia wateja), ina kanuni za ugawaji unaziseti zinapishana mtu kwa mtu, HubSpot, CRM nyingine, nao wana kitu cha namna hiyo kwenye pakeji za juu. Usinunue vyote siku moja. Anza na pale panapouma, kama ugomvi wenu ni vikao anza na Calendly, kama ni namba anza na CRM.

Bei. Teams nilivyoikuta ni dola 16 kwa kichwa kwa mwezi ukilipia mwaka mzima, ukilipa mwezi mwezi inapanda, chekini kwao kwanza maana bei zinabadilika. Kwa watu sita hiyo ni dola 96 kwa mwezi, 1,152 kwa mwaka, na unalipa kwa kadi. Kwa kampuni ya viwanja ni faida ya kiwanja kimoja au chini ya hapo. Kwa ofisi ya watu wawili watatu sioni sababu, kaeni mezani muandike zamu kwenye karatasi na muiheshimu.

Nyota ya tano nimeibakiza kwa sababu ule mpangilio wa usawa unahesabu vikao, hauhesabu uzito wake, na haujui mteja amekuja na nia au amekuja kupiga stori. Hiyo bado tunaifanya kwa mkono, kila Jumatatu asubuhi nashusha orodha ya vikao kwenye eksel, naongeza safu mbili, nani alitokea na nani alilipa, naituma kwenye grupu kila mtu aone na ya mwenzake. Aliyepata wasiotokea wengi wiki hiyo anaanza yeye na namba za Zoho zinazofuata.