Mashine ya Sparx ya kunolea viatu vya hoki: uzoefu wangu kwa viatu vya watoto

Naitumia mashine hii kwa viatu vya watoto wanaocheza hoki ya barafu hapa Edmonton, Kanada, na hukumu yangu naitoa mapema: inanoa kwa usawa kuliko maduka mengi ya uwanjani, ila kwa mwenye mtoto mmoja haijilipi, na matatizo mengi ya viatu vya watoto haiyagusi kabisa.

Kwanza tuelewane kinachonolewa. Bapa la chuma lililo chini ya kiatu lina unene wa karibu milimita 3, na upande wake wa chini si tambarare. Una mfereji unaotoka kidoleni hadi kisiginoni, ukiacha kingo mbili, wa ndani na wa nje. Kina cha mfereji hutajwa kwa nusukipenyo cha duara linalouchimba: 3/8, 1/2, 5/8 ya inchi na kuendelea. Namba ikipungua, mfereji huzama zaidi na kingo huuma barafu zaidi. Usipotoa maelekezo, maduka mengi hukata 1/2. Mtoto wa kilo 20 hana uzito wa kuzamisha kingo, kwa hiyo 1/2 inamfaa. Anayejifunza kusimama kwa kuteleza kiubavu wakati mwingine hukwama ghafla na kuanguka; huyo mpe 5/8. Mimi huanza na 1/2 na sibadilishi mpaka nione sababu.

Mashine yenyewe haina ufundi mwingi. Unaweka pete ya kunolea, na kila pete hukata mfereji wa kipimo kimoja tu. Unafuta bapa, unakunja kamba zisining'inie, unabana kiatu, unapandisha pete hadi ilingane na chuma, unafunika nafasi zilizo wazi mbele na nyuma ya kiatu, unawasha. Bapa linalotunzwa hutosheka na mipito 4, yaani pete kulipitia mara nne. Lililokuwa likinolewa dukani kwa mfereji mwingine hutaka mipito mingi zaidi mara ya kwanza, 8 au 10, kwa kuwa pete inachimba upya. Kiatu kipya nacho, mara nyingi kiwandani hakikunolewa kwa kuchezea. Mtoto akikivaa hivyohivyo atateleza kama aliyevaa soksi, na mzazi atadhani hajui kucheza.

Jambo linaloharibu kazi zaidi ni pete kutokaa katikati ya bapa. Hapo ukingo mmoja hubaki juu kuliko mwenzake, na mtoto huweza kugeuka vizuri upande mmoja huku upande wa pili akiponyoka. Kifaa cha sumaku cha kupimia kinaonyesha kosa hili mara moja. Ukikikosa, laza kipande kifupi cha rula ya chuma kikikingama juu ya kingo zote mbili. Kisipofanya pembe mraba na ubavu wa bapa, sogeza pete kidogo kwa kirekebishi chake, noa tena, pima tena. Pima kila unapobadilisha pete.

Ukishatoa kiatu, bado hujamaliza. Pembeni mwa kila ukingo hubaki utando mwembamba wa chuma. Chukua kinoo laini, kilaze sambamba kabisa na ubavu wa chuma, pitisha mara moja au mbili bila kukandamiza. Ukikiinamisha unauviringa ukingo, na kazi yote imepotea. Kisha kwangua ukucha wa kidole gumba juu ya ukingo, sehemu kadhaa: ukucha ukitoa unga mweupe, umenoka, ukiteleza, bado. Mahali penye pengo utapahisi palepale.

Mashine hufuata umbo inalolikuta. Bapa la mtoto ni fupi, na limejikunja kidogo kidoleni na kisiginoni. Mnoaji wa mkono anayekawia kwenye ncha huzila, na baada ya misimu kadhaa mtoto anayumba mbele na nyuma kama aliye juu ya kiti cha bembea. Usitegemee Sparx irudishe umbo hilo. Dawa ni fundi mwenye kifaa cha kuchonga umbo, au bapa jipya. Kwa viatu vya bei ya chini, uliza bei ya bapa kwanza; wakati mwingine inakaribia bei ya kiatu kingine kilichotumika.

Sasa yale yasiyohusu kunoa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayoua viatu vya watoto. Kutu huanzia pale chuma kinapoingia kwenye kishikilio cha plastiki, kwa sababu watu hufuta upande wa chini tu. Futa hadi juu, kisha visha bapa mfuko wa kitambaa cha taulo. Ala ngumu za plastiki ni za kutembelea sakafuni. Ukihifadhia viatu humo, maji yanabaki yamefungiwa na chuma. Toa soli ya ndani ikauke peke yake. Usiweke kiatu juu ya hita hata kama nje ni nyuzi 30 chini ya sifuri, maana gundi hulainika na soli huachia.

Kila mwezi shika buti kwa mkono mmoja, kishikilio kwa mwingine, pindua. Kikicheza, tafuta chanzo. Katika mitindo mingi bapa hufungwa kwa nati zilizo chini ya soli ya ndani: kaza mpaka zishike, usizidishe, plastiki itapasuka. Kama ni ribiti zimelegea, mpelekee fundi mwenye mashine ya kuzibana. Skrubu za kawaida za nyumbani usizitie. Vichwa vyake huchoma unyayo na hupata kutu haraka. Ukinunua kiatu kilichotumika, anza na kipimo hiki kabla hujatazama makali.

Hesabu sasa. Chipu iliyo ndani ya pete huhesabu mipito 320, kisha pete hubadilishwa. Mipito 4 kwa kiatu ni 8 kwa jozi, yaani jozi 40. Mtoto anayecheza saa 3 kwa wiki, akinolewa kila baada ya saa 10 hivi, hufikisha mara 8 au 9 kuanzia Oktoba hadi Machi. Duka likitoza dola 8, hiyo ni takriban dola 70 kwa msimu, na mashine inazidi dola 1,000 za Kanada kabla ya pete za ziada. Watoto wanne, au familia tatu zinazochanga, hapo inaeleweka.

Iweke gereji, si jikoni. Vumbi la chuma huingia kwenye kichujio, lakini si lote, na hicho kichujio nacho kinataka kubadilishwa.