Chupa ya chai ipi ununue? Anza na kizibo, maua baadaye

Watu wengi tukienda kununua chupa ya chai tunaangalia rangi, tunaangalia ukubwa, tunasoma pale kwenye boksi palipoandikwa saa 12 au saa 24, tunalipa, tunaondoka. Naomba ugeuze huo mpangilio, uanze na kizibo. Kizibo ndo kinaamua chai yako ya asubuhi itafika mchana ikiwa ya moto au vuguvugu, ndo kitu cha kwanza kuharibika, na ndo mahali maziwa yanapojificha mpaka yanaoza bila wewe kujua. Maua na mkono wa rangi ya dhahabu viache mwisho kabisa.

Ngoja nieleze kidogo inavyofanya kazi, maana ukishaelewa hapa muuzaji hakudanganyi tena. Mwaka 1892 kule London, kwenye taasisi ya Royal Institution, mwanasayansi Mskoti anaitwa James Dewar alikuwa anahangaika na hewa zilizopozwa mpaka zikawa maji maji, hizo zikipata joto kidogo tu zinachemka zinapotea. Akachukua chupa ya kioo akaiweka ndani ya chupa nyingine, akanyonya hewa yote iliyokuwa katikati, na kuta akazipaka fedha. Basi. Joto linasafiri kwa vitu kugusana, kwa hewa kuzunguka, na kwa mionzi: ukiondoa hewa katikati umeziua zile njia mbili za kwanza, na fedha inairudisha ya tatu ilikotoka. Wazo zuri mno, na zaidi ya miaka 130 baadaye bado ni lile lile, iwe chupa ya Kariakoo au ya Tokyo. Dewar mwenyewe hakuchukua hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu wake. Fundi kioo Mjerumani Reinhold Burger na mwenzake wakalichukua wazo, wakaliwekea ganda la chuma la kulinda kioo, na mwaka 1904 wakaanza biashara kwa jina la Thermos. Dewar alienda mahakamani akashindwa.

Sasa fikiria hizo chupa mbili, moja ndani ya nyingine. Zinagusana wapi? Juu kabisa, mdomoni, hapo ndipo kioo cha ndani kinapoungana na cha nje. Na juu ya mdomo hakuna ombwe, yaani ile nafasi iliyonyonywa hewa, wala fedha, kuna plastiki tu, yaani kizibo chenyewe. Ndo maana nasema chupa ikiwa nzima, joto kubwa linapotelea pale juu. Mdomo mpana unapoteza zaidi kuliko mwembamba, kizibo kifupi na chepesi kinapoteza zaidi kuliko kirefu kilichojazwa ndani, na mpira uliolegea unaharibu kila kitu hata kama mwili ni wa bei mbaya.

Haya, twende kwenye orodha. Nimeipanga kwa matumizi ya nyumbani, familia ya kawaida, chai ya maziwa au ya rangi, na maji ya moto ya mtoto.

Namba moja kwangu ni stenlesi yenye mdomo mwembamba, lita moja mpaka mbili, yenye kizibo cha kubonyeza ambacho kinafunguka vipande vipande. Hayo maneno ya mwisho ndo muhimu. Chuma badala ya kioo ni wazo la Mmarekani William Stanley, mwaka 1913, na Wajapani wa Nippon Sanso wakaja kutoa ya stenlesi nyepesi mwaka 1978, kwahiyo tunachonunua leo kina historia ndefu. Ikianguka inabonyea tu haivunjiki, mtoto akiivuta mezani hupati vipande vya kioo, na unaweza kuibeba kwenye bodaboda bila roho juu.

Halafu tazama hicho kizibo cha kubonyeza vizuri, ukishike mkononi ukigeuze. Pembeni kina mifereji miwili. Mmoja unatoa chai, mwingine unaingiza hewa, na huo wa pili ndo akili yenyewe, kwa sababu chai haiwezi kutoka vizuri kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake, ungesikia glu glu glu na chai ikirukia kwenye kitambaa cha meza. Ukibonyeza kati, kimpira cha chini kinashuka na njia zote mbili zinafunguka kwa pamoja, ukigusa kile kibatani kidogo cha pembeni springi inavuta kimpira juu, njia zinajifunga. Mtu anamimina kwa mkono mmoja, kizibo hakitolewi kabisa, mvuke hauponyoki, na mkono wa pili umeshika kikombe. Kwa mama anayehudumia wageni kumi hilo jambo si dogo!

Ubaya wake ni kwamba kuna springi ndani na kona nyingi. Kama hakifunguki, maziwa yataingia huko na hakuna brashi itakayofika. Kwahiyo dukani muombe muuzaji akifungue mbele yako. Akishindwa yeye, utashindwa na wewe. Kile kizibo cha zamani cha kuzungusha tu, kisicho na batani, kinatunza joto vizuri na ni rahisi kuosha kuliko vyote, na kama chai inamiminwa mara moja mbili kwa siku basi chukua hicho bila kuwaza.

Namba mbili ni ile ya kioo ndani, ganda la plastiki au bati, zile za maua tulizokua nazo. Watu wanaidharau siku hizi na sio haki. Kioo kinapitisha joto kidogo sana ukilinganisha na chuma, kwahiyo pale mdomoni ambapo kuta zinaungana kioo kinashinda, na chupa ya kioo nzima mara nyingi inatunza joto sawa au vizuri kuliko stenlesi ya bei hiyo hiyo. Haishiki harufu, leo tangawizi kesho maji ya mtoto, hakuna shida. Na kitu ninachokipenda zaidi, kitako chake kinafunguka kwa kuzungusha. Fungua uone: chini kabisa ya kioo kuna kincha kidogo kama cha limau, hapo ndipo hewa iliponyonywa kiwandani halafu kioo kikayeyushwa kufunga tundu. Kincha kile kikivunjika hewa inaingia, chupa imekufa, hata kama kioo kingine chote ni kizima. Ndo maana pale chini wameweka mpira wa kukipakata. Aliyechora hii chupa alijua kioo kitavunjika siku moja na akakuachia mlango wa kukibadilisha bila kutupa chupa nzima, kitu ambacho bidhaa nyingi za sasa hazina. Kabla hujalipa uliza kama vioo vya saizi hiyo vinauzwa peke yake, maana baadhi ya maduka ya vyombo wanavyo na saizi nyingine hazipatikani kabisa.

Chupa hii ni ya mezani. Isisafiri, isishikwe na watoto, usiweke barafu, usikoroge kwa kijiko cha chuma ndani, na usimimine maji yanayochemka kwenye chupa iliyotoka kuoshwa kwa maji baridi. Ikigongwa, itikise karibu na sikio kabla ya kuitumia tena. Ukisikia cha cha cha ya vipande, mwaga kila kilichomo, usiseme utachuja.

Namba tatu, ya pampu, ile kubwa unayobonyeza kichwa. Msibani, kwenye kikao, ofisini, kanisani, hapo haina mpinzani. Ndani ya kichwa kuna mfuko wa plastiki wenye mikunjo, ukibonyeza unasukuma hewa ndani ya chupa, hewa inakandamiza chai, chai haina pa kwenda ila kupanda kwenye mrija mrefu unaoanzia chini. Yaani chai yenyewe haipiti kwenye pampu, pampu inagusa hewa tu, na hakuna anayenyanyua chupa ya lita tatu ya maji ya moto. Mzee mwenye mikono inayotetemeka anajihudumia mwenyewe. Nzuri zaidi zina kitako kinachozunguka, unaigeuzia mtu aliyekaa upande wa pili bila kuinyanyua, na zina kifungio ili mtoto asibonyeze, hicho usikikose.

Lakini usiweke chai ya maziwa humo. Mrija ni mrefu, mwembamba, na kwenye nyingi hautoki wote, utando wa maziwa unabaki ndani na wewe unaona nje panang'aa. Weka maji ya moto, chai ya rangi au kahawa. Na ujue kila ukibonyeza unaingiza hewa ya chumbani, kwahiyo ikibaki robo inapoa haraka.

Namba nne, vikombe vya safari na vichupa vya nusu lita. Vizuri kwa mtu mmoja anayepanda daladala au matatu alfajiri, ila chai kidogo inapoa haraka kuliko chai nyingi hata kama chupa ni bora, huwezi kukwepa. Kikombe chenye kifuniko cha kusukuma pembeni kitavuja ukilalia kwenye begi, chagua cha kuzungusha. Zile za mdomo mpana za uji na supu nazo naziweka hapa hapa, kwa mgonjwa hospitali au mtoto shule zinafaa sana, ila zihesabie muda mfupi.

Namba ya mwisho, na hapa najua nitabishiwa, ni zile zenye kioo cha kuonyesha joto juu ya kifuniko, unagusa namba zinawaka. Zinapendeza kwa zawadi. Ila wameweka betri na kipima joto mahali pale pale ambapo chupa ni dhaifu, kwenye kizibo, nyingi betri haibadilishiki, kifuniko hakitakiwi kulowekwa kwa hiyo hakioshwi inavyotakiwa, na ile namba inasoma joto la juu karibu na kifuniko ambalo chai ikipungua halikwambii kitu kuhusu chai iliyo chini. Hela hiyo hiyo iweke kwenye namba moja.

Ukifika dukani, fanya hivi. Kwanza tenganisha chupa yenye ombwe na ile ya kuta mbili tu, maana zipo nyingi zenye kuta mbili na katikati kuna hewa ya kawaida au sponji, kwa nje huoni tofauti. Kama muuzaji ana maji ya moto, jaza, funga, subiri dakika kumi, pitisha kiganja mwilini kuanzia chini kwenda juu. Mwili ukiwa wa moto, acha. Ukiwa wa kawaida na pale shingoni tu pana joto kidogo, iko sawa, hata chupa nzuri inafanya hivyo kwa sababu niliyoeleza juu. Kama hana maji ya moto, mwambie unakwenda kujaribu nyumbani, utairudisha leo leo, muandikiane kwenye risiti. Wapo wanaokataa, na maduka ya vyombo ni mengi.

Habari ya kuweka sikio kwenye mdomo wa chupa usikie mvumo, hiyo isikupe imani, hata jagi tupu linavuma ukiliweka sikioni. Sumaku nayo, ya kupima aina ya stenlesi, inasaidia nusu tu. Ikinata kwa nguvu ndani ya chupa, hiyo sio stenlesi nzuri ya vyombo. Isiponata bado hujathibitisha, kwa sababu kuna stenlesi ya bei rahisi, ile ya 201, nayo hainati na inawahi kutu kuliko 304. Tafuta alama 304 au 18/8 kwenye kitako, maana yake asilimia 18 kromiamu na 8 nikeli, halafu ingiza kidole ndani usikie kama kuna ukwaruzo kwenye maungio.

Geuza chupa ikiwa na maji, kichwa chini, itikise. Tone likitoka, mpira haukai sawa. Nusa kizibo pia, mpira wenye harufu kali ya plastiki utaisikia kwenye chai mwezi mzima.

Kuhusu saa zilizoandikwa kwenye boksi, hizo zimepimwa chupa ikiwa imejaa, maji ni ya moto sana, na haifunguliwi kabisa. Nyumbani kwako inafunguliwa kila dakika ishirini. Na kama uko Nairobi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, wakati Dar au Mombasa ni 100, kwahiyo mwenzako wa pwani anaanza na moto zaidi kwenye chupa ile ile. Unachoweza kufanya ni kuipasha kwanza: mimina maji ya moto, funga dakika tano, mwaga, ndo uweke chai. Jaza karibu kufika shingoni, acha nafasi kama vidole viwili chini ya kizibo. Familia ya watu wanne inayokunywa chai lita moja, nunua ya lita moja, ya lita mbili iliyojaa nusu itapoa haraka bure.

Na chai ya maziwa, hata kwenye chupa bora kuliko zote, isilale. Ikishuka chini ya nyuzi 60 bakteria wanaanza kuzaliana, na chupa inayotunza uvuguvugu kwa masaa ni mahali wanapopapenda. Kama inakaa kuanzia asubuhi mpaka jioni, weka chai ya rangi kwenye chupa na maziwa uyapashe pembeni. Usiku fungua kizibo, toa mpira, osha kila kipande, acha chupa wazi ikauke. Ukiona rangi ya kahawia ndani, kijiko kikubwa cha baking soda na maji ya moto, iache usiku kucha bila kuifunga, asubuhi suuza. Steelwool isiingie humo.