Siku Nzima ya Kutazama Treni kutoka Settle hadi Garsdale: Uzoefu Wangu

Nilistaafu nikiwa mkuu wa stesheni ndogo ya Reli ya Kati, magharibi ya Tabora, na katika miaka yote ya utumishi wangu nilipitisha treni kwa kibali cha karatasi, taa ya mkono na bendera mbili, nyekundu na kijani. Kwa hiyo binti yangu anayeishi Leeds aliponiuliza ningependa kuona nini kabla sijarudi nyumbani, sikutaja London wala uwanja wa mpira, bali nilimwomba anipeleke kwenye reli ya Settle hadi Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, ambako nilikuwa nimesikia kwamba ishara za nguzoni, zenye mkono unaonyanyuliwa kwa kuvuta waya, bado zinaongoza treni za kila siku. Tulikwenda Jumamosi moja ya Septemba, sisi wawili na mjukuu wangu wa miaka tisa. Naandika haya kwa yeyote anayefikiria safari ya namna hiyo, na hasa kwa wenzangu waliowahi kuvaa kofia ya reli.

Njia yenyewe ina urefu wa kilomita zipatazo 116 na ilijengwa na kampuni ya Midland, ambayo ilianza kupitisha abiria tarehe 1 Mei 1876. Serikali ilikusudia kuifunga katika miaka ya 1980, watu wakapinga kwa maelfu, na mwezi Aprili 1989 ikatangazwa kwamba itabaki. Nadhani tishio hilo ndilo lililowafanya wenyeji waishike kwa mikono miwili, maana sijapata kuona stesheni za mashambani zinazotunzwa kwa uangalifu kama hizi: kuta za mawe zimesafishwa, mbao za paa zimepakwa rangi, na maua yamepandwa hadi kwenye ukingo wa jukwaa.

Tulishuka kwanza Settle, mwendo wa saa moja hivi kutoka Leeds, na nilichagua Jumamosi kwa makusudi kwa sababu ndiyo siku ambayo kibanda cha zamani cha ishara, yaani chumba ambamo mlinzi wa ishara huongozea treni, hufunguliwa kwa wageni. Kilijengwa mwaka 1891, kikaacha kazi mwaka 1984, kisha watu wa kujitolea wakakihamisha na kukikarabati. Ndani mna safu ya nyenzo, yaani fimbo ndefu za chuma za kuvutwa kwa mkono, zilizosuguliwa zikang'aa, kila moja ikiwa na rangi ya kazi yake: nyekundu kwa ishara za kusimamisha treni, njano kwa ishara za kutahadharisha mapema, nyeusi kwa kubadilisha njia, buluu kwa kufuli za njia hizo, na nyeupe kwa zile zisizotumika tena. Mzee aliyetupokea alipojua kazi niliyofanya aliniachia nafasi, akaniambia nivute mwenyewe. Ilinibidi niweke mguu mmoja mbele na kutumia uzito wa mwili wote, na wenzo ulipofika mwisho wake niliusikia mlio wa chuma ambao hakuna kitufe kinachoweza kuutoa.

Jambo lililonigusa zaidi pale ni kengele. Kibanda kimoja huzungumza na kingine kwa idadi ya milio. Mlio mmoja ni wa kumwita mwenzako asikilize. Mitatu, kimya kifupi, kisha mmoja, ni kumwomba apokee treni ya kawaida ya abiria, naye akikubali hurudia milio hiyo hiyo. Miwili ni kumwarifu kwamba treni imeingia katika sehemu iliyo kati yenu, na miwili ikifuatwa na mmoja humaanisha kwamba imetoka salama. Mpaka milio hiyo ya mwisho isikike, treni nyingine hairuhusiwi kuifuata. Sisi tulifanya jambo lile lile kwa simu na karatasi, na sheria ilikuwa moja: sehemu moja, treni moja. Mjukuu wangu alijifunza milio yote kwa dakika chache, akawa anaipiga kwa kidole juu ya meza siku nzima.

Kutoka Settle tulipanda treni ya kuelekea kaskazini, nami nashauri kila mtu aketi karibu na dirisha na asisinzie, kwa kuwa kipande hiki kinapanda milimani bila kupumzika. Hatukushuka Dent, jambo ninalolijutia. Ndiyo stesheni iliyo juu kuliko zote katika njia kuu za England, ukiiacha Scotland, mita zipatazo 350 kutoka usawa wa bahari, na kijiji chenye jina hilo kiko zaidi ya kilomita 6 kutoka hapo. Juu ya reli, kwenye mteremko wa kilima, zimesimama safu za mataruma ya zamani, zile mbao za kulazia reli, yaliyochomekwa ardhini wima, mengine yakiwa yameoza na kuinama. Yaliwekwa ili kuzuia theluji isiteremke na kuziba njia. Kwetu taruma kuukuu huishia kuwa nguzo ya zizi, nami nilifurahi kuona kwamba huku nako halikutupwa.

Garsdale ndipo tulipokaa muda mrefu, na kwa maoni yangu ndiyo stesheni inayostahili safari yote. Hakuna duka wala mgahawa, hivyo mtu abebe chakula na nguo ya mvua iliyo ya kuaminika. Koti nililonunua njiani, nililohakikishiwa dukani kwamba halipitishi maji, lililowana mpaka ndani katika nusu saa ya kwanza. Kibanda cha ishara kimesimama palepale kwenye jukwaa, kinafanya kazi, na hakiingiwi ndani, lakini ukikaa kwenye benchi ukanyamaza utasikia nyenzo zikivutwa, kisha waya zikikwaruza kwenye magurudumu yake madogo, kisha kwa mbali mkono mwekundu unanyanyuka. Treni huja dakika kadhaa baadaye. Huko kungoja, baina ya mkono kunyanyuka na treni kutokea kwenye kona, ndiko nilikokwenda kukutafuta.

Kibanda hicho ni cha mwaka 1910, na mwaka huohuo ndipo palipotokea jambo ambalo kila mtu wa reli anapaswa kulijua. Wakati huo pakiitwa Hawes Junction, kwa kuwa palikuwa na tawi la kwenda Hawes, na injini zilizosaidia kuvuta treni mlimani ziligeuzwa hapa na kurudishwa zilikotoka. Alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1910, katika giza na mvua, mlinzi wa ishara aliyekuwa na injini nyingi za kushughulikia alizisahau mbili zilizokuwa zikingoja kwenye ishara kuelekea Carlisle. Alifungua njia kwa ajili ya treni ya mwendo kasi ya kwenda Scotland. Madereva wa zile injini mbili waliona ishara imefunguka, wakadhani ni yao, wakaondoka polepole. Treni ile iliwakuta kwa nyuma, mabehewa yaliyokuwa na taa za gesi yakashika moto, na watu 12 wakafa. Baada ya hapo kampuni iliweka kwa wingi saketi za umeme kwenye reli, ambazo humzuia mtu kufungua njia wakati kuna chombo kimesimama juu yake.

Nilisimama chini ya kile kibanda nikimfikiria mtu yule. Hakuwa mzembe. Alikuwa amechoka na ana mengi kichwani, na mimi mwenyewe nimewahi kuamka usiku wa manane, nikatoka na tochi kwenda kuhakikisha kama behewa nililoliacha njia ya pili bado lipo. Mjukuu aliniuliza, "Babu, wewe uliwahi kusahau treni?" Nilimjibu kwamba sikuwahi, kwa sababu kila chombo kilichosimama stesheni kwangu nilikiandika kwa chaki ukutani, mbali na kitabu cha ofisi.

Kwenye jukwaa la Garsdale pia kuna sanamu ya mbwa, Ruswarp, aliyekuwa wa Graham Nuttall, mmoja wa waanzilishi wa kundi lililoipigania njia hii. Alama ya unyayo wake ilipokelewa kati ya saini za kupinga kufungwa, na bwana wake alipofariki milimani huko Wales mwaka 1990, mbwa huyo alikaa kando ya mwili kwa wiki 11 hadi walipopatikana.

Alasiri tulirudi kusini, tukashuka Ribblehead. Daraja lake la matao 24, lenye urefu wa mita 400 na kimo cha mita 32, ndilo linalopigwa picha kuliko kitu kingine chochote kwenye njia hii, na watu walikuwa wengi mno kwa ladha yangu. Ni kazi kubwa kweli, nami sikusahau kwamba wengi wa waliolijenga, pamoja na wake na watoto wao, wamezikwa katika bonde la Chapel-le-Dale jirani na hapo. Lakini anayependa reli asiishie darajani. Aendelee na njia ya miguu hadi Blea Moor, ambako kibanda cha ishara kimesimama peke yake katika uwanda usio na nyumba. Tangu mwaka 1985 juu ya daraja kumebaki reli moja tu, hivyo ni mtu wa kibanda hicho anayeamua nani avuke kwanza. Tuliona treni ikisimamishwa pale, ikangoja, mkono ukanyanyuka, ikaondoka.

Kasoro ya siku hii ni moja: treni za abiria ni chache, na ukiikosa moja utangoja karibu saa mbili, kwa hiyo ratiba isomwe vizuri nyumbani kabla ya kutoka. Anayetaka treni za mizigo, hasa zile za mawe kutoka machimbo ya Arcow, achague siku ya kazi na akubali kwamba atakikosa kibanda cha Settle. Wazee wenzangu wajue pia kwamba njia ya miguu ya Blea Moor ina mawe na matope.

Binti yangu amekwisha kuahidi kwamba kabla ya ndege yangu ya mwezi ujao tutarudi tena, Mungu akipenda, na safari hiyo tutashuka Dent asubuhi na kukaa huko mpaka jioni.