Tangi dogo la samaki hapa Tanga: ununue nini kwanza, na samaki gani anafaa

Wengi wetu tunanunua samaki kwanza halafu ndo tunatafuta pa kumweka, wiki haijaisha samaki kafa na mtu anasema Tanga joto bwana, samaki wa mapambo hawakai. Wanakaa! Tena joto letu linatubeba, maana hita ambayo wa nchi za baridi lazima wanunue sisi wala hatuihitaji. Kinachoua samaki kwenye tangi dogo mara nyingi ni amonia, inayotoka kwenye uchafu wao wenyewe na chakula kilichobaki, kwa hiyo hapa napanga vitu kwa namna vinavyokusaidia kuishinda hiyo amonia, uzuri baadaye.

Tuanze na tangi lenyewe. Namba moja ni la mstatili la lita 25, fundi vioo wa mtaani kwako awe wa Ngamiani au Makorora anakukatia, urefu sentimita 40, upana 25, kimo 25, kioo cha milimita 5. Mwambie silikoni iwe ile inayonuka siki na isiwe na dawa ya kuzuia ukungu, maana hiyo dawa ni sumu kwa samaki, na usitie maji mpaka ile harufu iishe kabisa, we iache hata wiki. Maji peke yake ni kilo 25 kwa hiyo usije ukaliweka juu ya stuli ya plastiki. Namba mbili ni tangi la lita 15, linamtosha beta (samaki mdogo wa mapambo) mmoja basi, na maji yake yanachafuka haraka zaidi. Bakuli la duara silipi nafasi kabisa, filta haikai vizuri mule na samaki anateseka.

Filta nunua ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Ni rahisi, hainyonyi samaki wadogo, na sponji ndo nyumba ya bakteria tunaowataka, wale wanaoivunja amonia. Filta ya kuning'inia pembeni inakuja ya pili, inasafisha vizuri ila mkondo wake mara nyingi ni mkali kwa beta mwenye mapezi marefu. Sasa sikiliza hili la umeme: pampu ikiwa chini ya usawa wa maji, umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwenye mpira mpaka ndani ya pampu na hapo imeungua au maji yamemwagika sebule nzima. Nunua valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi, au pampu iweke juu kuliko tangi. Na kama kwenu umeme unakatika masaa mengi tafuta pampu ya akiba ya betri, maana maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo na bakteria nao wanahitaji hewa.

Haya, kuhusu vipimo vya maji, watu wanaviruka na ndo kitu ambacho mi ningenunua kabla ya samaki. Vya matone ni bora kuliko vikaratasi, vinakaa muda mrefu na vinasoma vizuri zaidi. Unahitaji cha amonia, cha nitraiti na cha nitreti.

Kazi ya kuliandaa tangi kabla ya samaki iko hivi. Jaza maji, washa filta, halafu kila siku tia chakula cha samaki kidogo sana, kama vile unamlisha samaki ambaye hayupo. Chakula kinaoza, amonia inapanda, kwenye vipimo vingi rangi inatoka njano kwenda kijani. Baadaye wanaota bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitraiti, nayo ni sumu pia, halafu wanakuja wengine wanaoigeuza nitraiti kuwa nitreti ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Siku amonia ni sifuri, nitraiti ni sifuri, nitreti ipo, na bado unatia chakula kila siku, hapo tangi limeiva, yaani liko tayari kwa samaki. Kwa kawaida ni wiki 4 mpaka 6, na ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la mtu ambalo limekaa muda na samaki wake ni wazima inafupisha sana. Sponji ikichafuka ikamue kwenye maji uliyoyatoa tangini, usiipeleke bombani, klorini, ile dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba, itaua bakteria wote uliowasubiri.

Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini, au yaache wazi kwenye ndoo pana siku nzima, ila kukaa wazi hakusaidii kama maji yametiwa kloramini (klorini iliyoungana na amonia) kwa hiyo dawa ndo uhakika. Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvichumvi, achana navyo. Usitie matumbawe wala makombe ya baharini, yanapandisha pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi kwenye maji), na pH ikipanda na maji yakiwa ya moto sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa ile kali yenyewe.

Samaki sasa. Wa kwanza kwangu ni beta dume mmoja, mmoja tu, madume wawili watauana. Ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya maji kwa hiyo umeme ukikatika haumtishi sana. Wa pili gapi (nao ni samaki wadogo wa mapambo) madume 4, wanapenda maji magumu, yaani yenye madini mengi, ila usichanganye na jike, jike anazaa karibu kila mwezi na anaweza kutunza mbegu za dume miezi kadhaa, tangi lita 25 litajaa kabla hujajua. Wa tatu kamba wadogo wa maji yasiyo ya chumvi na konokono, uchafu wao ni kidogo. Wa nne ni nothobrankiasi, samaki wa vidimbwi vya msimu vya pwani yetu, rangi zake ni za ajabu lakini anaishi miezi michache tu na anataka chakula hai, huyo mwachie mzoefu.

Goldifishi hapana. Anakua mpaka sentimita 20 na zaidi na uchafu wake ni mwingi. Perege wa mtoni pia hapana. Na gapi wakikuzidi mpe jirani mwenye tangi, usiwamwage Mto Zigi, maji yale ni ya joto wanaweza kuishi na kuzaliana humo.