Uzoefu wangu wa kuchagua programu ya bure ya kuandikia Java kwenye kompyuta yenye RAM ndogo

Nilihitaji kuandika, kwa lugha ya programu iitwayo Java, mfumo mdogo wa kutunza hesabu za mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza: magunia yaliyopokelewa, bei ya siku hiyo na deni la kila mteja. Kompyuta yangu mpakato ina RAM ya gigabaiti 4, na intaneti ninayoitumia ni ya bando la simu ninalonunua kwa fedha yangu. Kwa hiyo nilitafuta programu ambayo haitaielemea mashine na ambayo itaniruhusu kuendelea na kazi hata bando likiisha.

Nilianza na IntelliJ IDEA ya kampuni ya JetBrains, ambayo toleo lake la bure lilitolewa kama programu huria, yaani ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa wote, mwaka 2009. Sifa inazopewa inazistahili. Inapokupendekezea neno la kumalizia, huzingatia aina ya data inayotakiwa mahali hapo, na ukibadilisha jina la klasi (kipande cha msimbo kinachoeleza aina moja ya kitu), hulibadilisha popote lilipotumika. Hata hivyo, kila nilipofungua mradi ilipitia kwanza faili zote ili kuziorodhesha, na nikiwa nimefungua kivinjari pia, kompyuta iliganda. Silioni hilo kuwa kosa la programu, kwa sababu watengenezaji wenyewe wanapendekeza RAM isiyopungua gigabaiti 8. Mwenye mashine ya namna hiyo namshauri aichukue bila kusita.

Eclipse, ambayo IBM iliifanya kuwa huria mwaka 2001, ilikuwa nyepesi kidogo. Ina kompaila yake yenyewe (inayogeuza msimbo uwe programu inayoendeshwa), na kompaila hiyo hukuruhusu kuendesha programu hata kama sehemu moja ya msimbo bado ina kosa. Programu husimama pale tu inapofika kwenye sehemu hiyo. Mzoefu hunufaika sana na jambo hilo, lakini kwa anayejifunza naliona lina hatari, maana anaweza kudhani kazi imekamilika kumbe haijakamilika.

Niliyobaki nayo ni Apache NetBeans. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Charles jijini Prague, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999, kisha ikawa ya Oracle, na sasa inasimamiwa na Apache Software Foundation. Historia hiyo ilinipa imani, kwa kuwa programu iliyopita mikononi mwa wamiliki kadhaa na bado ni ya bure na huria haielekei kutoweka ghafla.

Kilichonivutia zaidi ni sehemu yake ya kuchora madirisha. Niliburuta jedwali la magunia, nikaweka visanduku vya jina la mteja, uzito na bei, kisha nikabofya kitufe cha kuhifadhi mara mbili, na NetBeans ikanipeleka moja kwa moja mahali pa kuandika kitakachotokea kitufe hicho kikibonyezwa. Msimbo unaojenga dirisha huandikwa na NetBeans yenyewe, nao umefungwa: huwezi kuubadilisha kwa mkono ndani ya kihariri, bali kupitia mchoro na sifa za kila kipengele. Mwanzoni hali hiyo inaudhi, hasa unapotaka kusogeza kisanduku kimoja na vingine vikahama navyo. Kwa fomu za kuingizia hesabu, hata hivyo, muda unaookolewa ni mwingi mno.

Kuhusu bando, siri iko kwenye aina ya mradi. Maven na Ant ni njia mbili za kujenga mradi wa Java. Ukichagua Maven, utahitaji intaneti mwanzoni ili maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) zipakuliwe, ingawa zikishapakuliwa hubaki kwenye kompyuta. Mimi nilichagua Ant, nikapakua mara moja faili ya JAR (kifurushi cha msimbo wa Java) ya kuunganisha Java na hifadhidata ya SQLite, nikaiongeza kwenye maktaba za mradi, na tangu hapo sikuhitaji mtandao kwa kazi hiyo.

Anayetaka kuipakua NetBeans ahakikishe kwanza ana JDK, yaani vifaa vya kuandikia na kuendeshea programu za Java. Mimi natumia JDK iitwayo Temurin, ya Java 21, ambayo nayo ni ya bure. Na kwa mwanafunzi ambaye ndiyo kwanza anajifunza klasi na objekti ni nini, ningemwelekeza kwenye BlueJ kabla ya hizi zote, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya kufundishia na humwonyesha klasi zake kama visanduku vilivyounganishwa kwa mishale.