TAHADHARI: Rupia mbili za Mjerumani zinazouzwa Ngamiani ni bandia

Ndugu zangu mnaokusanya sarafu za zamani, hasa mlioko Tanga, Muheza na Pangani: kuna watu wawili wanauza sarafu za rupia mbili za wakati wa Mjerumani, zile kubwa za fedha zenye kichwa cha Wilhelm II, Kaiza (mfalme) wa Ujerumani, amevaa kofia yenye sanamu ya ndege tai. Msinunue. Mimi wameshanila laki mbili na nusu Jumamosi iliyopita, Ngamiani.

Mmoja ni mtu mzima, kanzu safi, maneno laini, anakuita "shehe". Anadai alikuta chungu akichimba choo Muheza, na babu yake alikuwa askari wa Mjerumani. Anatoa sumaku mfukoni, anakuonyesha kuwa haishiki. Ni kweli fedha haishiki sumaku, lakini hata shaba haishiki! Ukisitasita anatokea kijana, anajifanya mpita njia, anaigeuzageuza sarafu na kutaja laki tatu. Hapo ndipo nilipoponzwa. Nililipa harakaharaka, na sonara alikuwa ng'ambo ya barabara tu.

Nyumbani niliipitishia kitambaa chenye maji ya ndimu, weusi wote ukabaki kwenye kitambaa: masizi na mafuta. Chini yake, shavu la Kaiza lina vitundu vidogo vidogo kama uso wa chapati ya maji, alama ya kitu kilichomiminwa kwenye kalibu. Sarafu halisi hugongwa kwa mashine, uso wake ni laini. Simba wa upande wa pili, aliye na mnazi, manyoya ya shingoni hayaonekani kabisa.

Kesho yake kwa sonara mizani ilisoma gramu 18.9. Rupia mbili halisi ni gramu 23.32, na rupia moja ni nusu yake, 11.66, sawasawa na rupia ya Kihindi ambayo watu wa pwani walikuwa wameizoea. Kuchakaa mkononi hakuwezi kula gramu nne na ushee.

Kilichoniuma zaidi ni mwaka. Imeandikwa 1891. Rupia moja ya mwaka huo ipo, lakini rupia mbili, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikitoa sarafu hizi, ilitoa za 1893 na 1894 tu. Hili nalijua miaka mingi, na siku ile sikulitazama.

Mzee huyo ana na riale za Maria Theresa, sarafu kubwa za fedha za Austria, anaziuza kama za "mwaka 1780 wenyewe". Mwaka huo umeendelea kupigwa kwenye riale hadi leo, kwa hiyo tarehe pekee haithibitishi umri.

Polisi nimesharipoti. Jana mwenzetu kanipigia kutoka Bagamoyo: mzee wa kanzu, chungu kilekile, ila sasa choo kilichimbwa Kaole. Akikufuata, mwambie kwanza mwende wote kwa sonara mkapime. Mimi sikumwambia hivyo.