MSA ALTAIR 4XR: kipima gesi kinachopiga kelele ukitulia

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo hakuna simu wala spika. Wale mlio zimamoto mmeniandama kwenye komenti mpaka nimekubali: hiki hapa, kipima gesi cha kuvaa kifuani, ALTAIR 4XR ya kampuni ya MSA.

Gesi zake nne mnazijua: oksijeni, kaboni monoksaidi, haidrojeni salfaidi na zile zinazolipuka. Hapa nilipo oksijeni inasoma asilimia 20.8, ikishuka chini ya 19.5 kinalia. Tusikae hapo, twende kwenye utamu.

Nakilaza mezani, mnaona? Sikigusi. Wakati tunasubiri, tuseme bei. Hii si hela ya kuokoteza, na ukishanunua kuna mtungi mdogo wa gesi ya kujaribia, nao unaisha. Msiubanie. Kipima kisichopulizwa gesi ya majaribio kabla ya kazi ni pambo la kifuani. Na jamani, zile dawa za kung'arishia dashibodi ya gari msikipulizie! Nyingi zina silikoni, na silikoni inaua sensa ya gesi zinazolipuka. Kioo kitakuandikia sifuri na wewe umesimama kwenye…

Eeeh! Mmesikia hiyo? Oneni taa, oneni kinavyotetemeka mpaka kinatambaa mezani! Sekunde 30 bila kutikisika, kinajua aliyekivaa kaanguka. Ngoja nikinyamazishe. Nakilaza tena.

Najua mtu ataandika, "kaka, vifaa vyetu vya kupumulia vina king'ora hicho tayari." Sawa, vingi vinacho. Sasa moto ukizimika mnafanyaje? Mnavua barakoa, mnashusha mtungi mgongoni, mnaanza kufukua majivu na magodoro yanayofuka. King'ora nacho kimeshuka na mtungi. Na hapo ndipo kaboni monoksaidi imejaa, haina rangi wala harufu. Hiki kinabaki kifuani. Mimi hiyo tu imenitosha.

Ila godoro la sponji likiungua linatoa pia haidrojeni sayanaidi, gesi nyingine ya sumu, na toleo hili la gesi nne haliioni kabisa. Kwa hiyo kikikaa kimya msivue barakoa kwa furaha. Hapo kimeniudhi, maana nani siku hizi analalia godoro la pamba?

Jingine ni gesi ya kupikia. Mnakumbuka Embakasi, Nairobi, Februari 2024, kile kituo cha kujazia mitungi kilicholipuka? Gesi ile ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, inajaa kwenye mitaro. Kipima kiko kifuani, gesi iko kwenye vifundo vya miguu! Hiki hakina pampu ndani, kinangoja hewa ikifuate. Ukitaka kuchungulia shimo au kisima kabla ya kushusha mtu, ongeza pampu ya pembeni yenye mrija, au nenda kwa kaka yake, ALTAIR 5X, yenye pampu yake. Kama kikosi chenu kinaitwa sana kwenye mashimo ya vyoo, mimi ningeanzia kwa huyo kaka, hata kama…

Aa, kimeanza tena! Hakisahau hiki! Haya, wa Dräger X-am 2500, kipima cha kampuni nyingine, mnaonililia, naitafuta, nikiipata nitavilaza viwili sambamba. Bluetooth ipo, tutaiongelea siku hiyo. Nakizima kabla jirani hajapiga 114 kuita zimamoto.